Pale Gari Linapolala

Ofisini walimwita Nukta, na hakuna aliyekumbuka tena nani alianza. Meza yake ilikuwa pembeni, karibu na dirisha lisilofungika vizuri, na ukutani mbele yake alikuwa amebandika ramani ya mji mzima iliyojaa nukta za kalamu nyekundu. Kila nukta ilikuwa mtu aliyepiga simu mwaka huo kuomba gari la wagonjwa. Wenzake wa idara ya mipango walipita wakimtania kwamba mji umeshikwa na surua, naye aliwajibu bila kuinua kichwa kwamba surua ina dawa, ubishi wa ofisi hii ndio hauna. Mwili wake ulikuwa mdogo, lakini ulimi wake, Mungu amsaidie aliyeingia njiani mwake.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mji ulikuwa na magari mawili ya wagonjwa, na la tatu halikuwepo hata kwenye ndoto. Mkuu wa mipango, ambaye kila mtu alimwita Bosi, mpaka mkewe, alimwambia Nukta atafute mahali pa kuyaweka hayo mawili ili yawafikie watu upesi. Swali linasikika jepesi, la kujibiwa umesimama. Haya, lijibu basi. Ukilisogeza gari sokoni, umelitoa stendi. Ukilisogeza stendi, mtu wa bondeni anangoja mpaka anachoka kungoja. Huwezi kumpa mmoja bila kumnyang'anya mwingine, na anayenyang'anywa hayupo mezani kulalamika.

Nukta aliukata mji kwenye kompyuta vipande vipande kama mkate. Kila kipande akakipa uzito kulingana na simu zilizotoka humo. Akapima dakika za barabarani kutoka kila kipande hadi kingine, kisha akaiacha programu iyajaribu magari kila mahali panapowezekana, ikitafuta mpango mmoja tu: ule ambao, ukijumlisha dakika za kungoja za watu wote, jumla inakuwa ndogo kuliko katika mipango mingine yote. Kompyuta ilihema asubuhi nzima. Jibu likatoka: gari moja hospitalini, la pili sokoni, na soko lenyewe liko nyuma ya ukuta wa hospitali. Yaani pale pale yalipokuwa yakilala miaka yote.

Bosi alifurahi. Mganga mkuu wa hospitali alifurahi zaidi, akasema yeye hakuhitaji kompyuta kuyajua hayo. Nukta naye alirudi nyumbani mwepesi, akijiona kazi ameimaliza.

Jumapili alikwenda kumwona dada yake.

Dada alikaa juu kabisa ya mji, kwenye machimbo, ambako watu wanapasua mawe kuwa kokoto na vumbi jeupe linakaa hata kwenye kope. Alikuwa fundi wa kushona, na cherehani yake ilikuwa mlangoni ili apate mwanga. Siku hiyo alikaa mbali nayo kidogo, maana tumbo halikumruhusu kusogea zaidi. Uani, mumewe alikuwa amepiga magoti kando ya mkokoteni, akifunga godoro kuukuu juu yake kwa kamba.

"Shemeji, unahama?" Nukta aliuliza.

"Nahamisha dada yako," shemeji alisema akicheka. "Siku yake ikifika. Nimetia na matairi mapya, utadhani anakwenda harusini."

Nukta hakucheka. "Kwani namba ya gari la wagonjwa hamna?"

Shemeji alimtazama mkewe, kisha akarudi kwenye kamba zake. Dada ndiye aliyejibu, polepole, huku akikata uzi kwa meno.

"Nani anapiga huko, mdogo wangu? Mara ile nilipiga. Nikapiga tena. Waliniambia gari linakuja. Mpaka leo linakuja."

Habari ya mara ile Nukta aliijua, kama alivyoijua njia ya kwao. Mtoto wa kwanza wa dada, miaka mitatu nyuma, alifia njiani, kwenye mteremko wa machimbo, mikononi mwa jirani. Nukta alilia kwenye mazishi yale mpaka sauti ikakauka. Lakini hakuwahi hata siku moja kuyaweka pamoja, kilio kile na ramani yake.

"Na majirani?" aliuliza. "Wao hawapigi?"

"Huku mtu akiumia tunabeba. Kupiga simu ni kupoteza salio."

Kahawa iliyokuwa mkononi mwake ilipoa bila kunywewa. Aliagana nao upesi, akateremka mlima karibu anakimbia, na Jumatatu alikuwa wa kwanza kufika ofisini. Alisimama mbele ya ramani. Pale juu, kwenye machimbo, hapakuwa na nukta hata moja. Pamoja na nyumba zile zote. Karatasi ilikuwa nyeupe pe, na miezi yote hiyo yeye alikuwa akiutazama weupe ule na kuusoma kwamba huko watu ni wazima.

Hasira ilimpanda, na ya kwanza alijipelekea mwenyewe. Aliipa programu simu, ikampa mahali simu zinakotoka. Ingempa nini kingine? Aliyefikiwa anapiga tena. Asiyefikiwa anaacha kupiga, na akishaacha, hesabu inamfuta, na akishafutwa gari linasogezwa mbali naye zaidi. Alivua koti, akalitupa kwenye kiti, akaanza upya.

Uzito wa simu aliutoa wote. Akaweka watu: wangapi wanaishi katika kila kipande, na wajawazito wangapi wameandikishwa kliniki. Halafu akakutana na jambo la pili, na hili lilimkera kuliko la kwanza. Ndani ya programu yake kulikuwa na sharti alilolitia mwenyewe kwa mkono wake, bila hata kufikiri: gari moja lazima likae hospitalini. Nani alimwambia? Hakuna. Ndivyo ilivyokuwa siku zote, magari ya wagonjwa yanalala hospitalini, madereva wanasaini zamu langoni, na ukiuliza kwa nini watakutazama kama umeuliza kwa nini mlango una bawaba. Nukta alilifuta sharti lile. Akaiacha programu itafute mahali penye jumla ndogo ya dakika, huku akiibana kwa sharti kwamba asiwepo mtu wa kungoja zaidi ya nusu saa, awe wa mjini au wa machimboni.

Magari yakahama. Moja likaenda stendi, katikati ya mji, ambapo hata watu wa jirani na hospitali linawafikia upesi vile vile. Lingine likapanda hadi njia panda iliyo chini ya machimbo, kwenye mashine ya kusaga unga.

"Hapana," mganga mkuu alisema kikaoni kabla Nukta hajamaliza kueleza. Alikuwa mtu mnene wa sauti tulivu, aliyezoea kusema neno hilo mara moja likatosha. "Gari la hospitali lilale nje ya hospitali? Kwenye mashine ya unga?"

"Daktari, naomba nikuulize," Nukta alisema. "Mgonjwa anapopiga simu, anayengoja ni nani? Si wewe. Wewe uko hapa hapa, na kitanda kiko hapa hapa. Gari likianzia hapa linapanda tupu na kurudi na mtu. Likianzia kule, nusu ya safari imeshakwisha kabla simu haijalia. Hospitalini ndipo gari linapotakiwa kufika. Hakuna kinachosema ndipo lianzie."

"Na likikosa mafuta huko juu? Na mimi nikilihitaji?"

"La kazi gani, Daktari?"

Mtu mmoja alikohoa kuficha kicheko, maana mji mzima ulijua kwamba gari moja la wagonjwa lilikuwa likipita shuleni kila alasiri kuchukua watoto wa mganga mkuu mwenyewe. Mganga mkuu alikunja uso. Bosi ndiye aliyelitoa lililokuwa mioyoni mwa wengine.

"Dada yako si anakaa huko juu?"

Uso wa Nukta ulishika moto. Alishika ukingo wa meza, akapiga moyo konde.

"Anakaa, Bosi. Ana mimba, na wa kwanza alifia njiani akingoja gari. Nilijua mtaniuliza, kwa hiyo nimemwondoa. Mtaa wake wote nimeufuta kwenye hesabu, kama haupo duniani. Gari limerudi pale pale, kwenye mashine. Nikaufuta na mtaa wa pili yake. Bado pale pale, kwa sababu huko nyuma kuna watu wengi ambao hatukuwahi kuwahesabu. Kompyuta hii hapa. Futeni wenyewe mnaowataka."

Hakuna aliyenyoosha mkono kuipokea. Mwishowe mganga mkuu alitoa mwezi mmoja wa majaribio, kwa uso wa mtu anayetoa damu. Simu zikitoka machimboni, sawa. Zisipotoka, gari linarudi langoni kwake, na yeye hataki kusikia tena habari za vipande vya mkate.

Nukta alitoka kikaoni anajiona ameshinda. Alikuwa hajashinda kitu.

Gari lilikaa kwenye mashine ya unga likapata vumbi jeupe kama kila kitu cha huko. Dereva, mzee mpole aliyekuwa bingwa wa drafti, aliwafunga wasagaji wote wa pale mpaka wakakataa kucheza naye. Watu walipita wakidhani gari limeharibika. Mama mmoja aliomba lifti ya sokoni, akakasirika aliponyimwa. Lakini kuinua simu na kupiga ile namba, hakuna. Kwenye chumba cha simu, kilichokuwa ukuta mmoja na ofisi ya Nukta, mpokea simu alikuwa na ramani yake ya pini, na kila asubuhi Nukta alichungulia mlangoni.

"Vipi huko juu?"

"Huko juu ni wazima wa afya," mpokea simu alijibu. Naye alikuwa na mdomo wake.

Nukta hakukaa kusubiri. Kila alipotoka kazini alipanda machimboni na kopo la rangi, akaandika namba ya simu ukutani kwa mashine, kwenye mlango wa duka, kwenye tangi la maji, mpaka mwenye tangi akamuuliza kama anagombea uchaguzi. Aliingia nyumba kwa nyumba. Walimkaribisha, wakampa kiti, wakamsikiliza kwa adabu zote, na akitoka aliwasikia wakiendelea na mazungumzo yao pale yalipokatikia. Hakuwalaumu. Walikwisha kulipa imani yao mara moja, na hawakurudishiwa chochote.

Aliyemuuma ni dada.

"Gari liko pale chini, dada. Nimeliweka mwenyewe. Ukipiga, haipiti hata robo saa litakuwa limefika."

"Nimesikia."

"Basi utapiga."

"Nina mkokoteni," dada alisema, macho kwenye cherehani. "Mkokoteni nauona. Upo uani. Mara ile nilikaa pale kizingitini nimeshika simu, mdogo wangu, kwa sababu niliamini. Kama nisingeamini ningeanza kutembea mapema. Umenielewa? Kilichoniulia mwanangu ni kungoja. Usiniambie tena ningoje."

Nukta alivuta kigoda. Alikaa naye mpaka giza likaanza kuingia, akimsaidia kutia vifungo kwenye sare za shule, wala hawakulitaja gari tena. Njiani, akiteremka, alilia kidogo, akajifuta uso, akaandika namba kwenye nguzo mbili zaidi.

Wiki ya mwisho ya majaribio ikafika. Ijumaa asubuhi Bosi alisimama kwenye meza yake, na safari hii hakuwa na utani.

"Nukta, umejitahidi. Andika barua ya kurudisha gari. Jumatatu nitaipeleka."

"Jumatatu bado haijafika, Bosi."

"Andika tu."

Alifungua kompyuta, akaitazama karatasi tupu, na hapo simu yake ya mkononi ikatetemeka mezani. Dada.

"Chupa imepasuka," dada alisema. Pumzi zilikuwa fupi. "Mume wangu amekwenda kuwaita wa kusukuma. Wako kazini kwenye mawe, hawajafika. Wewe si uko hapo ofisini? Waambie watu wako walete hilo gari."

Angeweza. Hatua chache, ukuta mmoja. Lakini gari likitumwa na yeye, litakuwa gari la dada yake Nukta, kama alivyosema Bosi, na Jumatatu litateremka. Na mama mwingine wa machimboni, asiye na mdogo ofisini, ataendelea kufunga godoro kwenye mkokoteni.

"Dada, piga ile namba."

"Unasema nini?"

"Usinipigie mimi. Piga ile namba ukutani. Sema uko wapi. Piga sasa hivi."

"Mdogo wangu, mimi..."

Nukta alikata simu. Alimkatia dada yake mkubwa, aliyemlea, aliye katika uchungu. Mkono ulibaki hewani umeshika kile kisimu kana kwamba si chake. Halafu akasimama, maana ulimi ulikuwa umekata shauri lakini miguu haikukubali. Potelea mbali hesabu. Alikisukuma kiti, akapita katikati ya meza, akafika kwenye mlango wa chumba cha simu na mdomo umeshafunguka kusema.

Simu ikalia.

Mpokea simu alimwashiria kwa mkono asubiri, akainua. "Gari la wagonjwa, nakusikiliza. Ndiyo, mama. Uko wapi, mama? Sema tena." Aligeuka polepole, akamtazama Nukta pale mlangoni. "Machimboni. Nyumba ya fundi cherehani, juu ya tangi la maji. Usikate, mama, kaa na mimi." Kwa mkono mwingine alishabonyeza redio. "Mzee, acha drafti. Panda juu."

Nukta aliegemea fremu ya mlango. Kupitia redio alisikia injini ikiwaka na mtu akicheka kwa mshangao. Alianza kuhesabu kimoyomoyo, akashindwa, yeye ambaye maisha yake yote ni hesabu. Mpokea simu aliendelea kuzungumza na dada kwa sauti ya chini, akimuuliza kama ana mtu, kama anaweza kukaa ubavu. Halafu akasikiliza, akaishusha simu.

"Limefika," alisema. "Anasema mumewe bado hajarudi, nani atafunga mlango."

Alichukua pini kwenye kisanduku, akanyoosha mkono juu kabisa ya ramani, akaichoma pale kweupe.

Shemeji alifika hospitalini jua kali, kwa miguu, amejaa vumbi, na vijana wawili wakisukuma mkokoteni mtupu nyuma yake. Walikuwa wamekuta mlango umefungwa na jirani, na kibaraza kizima cha watu wakibishana. Wote walikuwa wameliona gari likipanda. Alasiri ile ile simu ililia kutoka huko tena, kijana aliyeponda kidole kwa nyundo. Kisha ikalia mara nyingine, na mzee mmoja akasema hana ugonjwa wowote, anahakikisha tu kama kuna mtu upande wa pili. Mpokea simu alitaka kumfokea. Nukta akamwomba amshukuru.

Barua hakuiandika. Jumatatu Bosi alimpelekea mganga mkuu picha ya ramani yenye pini za machimboni, na mganga mkuu aliitazama, akasema gari libaki huko huko, lakini dereva alifute vumbi.

Nukta alipeleka habari hiyo wodini. Dada alikuwa amekaa kitandani, na mtoto wa kike amelala kwenye mkono wake, ngumi zimekunjwa kama mwenye kesi na dunia. Nukta alimpokea, akamnusa kichwani, akamrudisha, akampokea tena.

"Ulinikatia simu," dada alisema.

"Nilikukatia. Nisamehe, dada."

"Nilikutukana, ujue. Nikampigia yule mtu kwa kukukasirikia wewe. Nikasema asipokuja nitakuja mwenyewe nikuonyeshe." Alitabasamu kidogo, kisha tabasamu likakaa upande. Alikuwa akifikiri. "Lile gari. Ni jipya?"

"Hapana."

"Halikuwa jipya. Mlango wake wa nyuma umefungwa kwa waya."

"Ni lile lile la siku zote, dada."

"Na dereva?"

"Ni yule yule. Anakaribia kustaafu."

"Na barabara ile ile." Dada alimfunika mtoto miguu, ingawa ilikuwa imefunikwa. "Kwa hiyo mara ile, gari lilikuwepo. Dereva alikuwepo. Mafuta yalikuwemo."

"Yalikuwemo."

"Sasa kilichobadilika ni nini?"

Nukta alitamani kumweleza habari za vipande, na uzito, na jumla ya dakika. Alimtazama dada yake usoni, na akaona kwamba anastahili jibu fupi na la kweli.

"Linapolala," alisema.

Dada alitikisa kichwa polepole kukubali. Alimwinamia mtoto, akamsogeza karibu zaidi na kifua, na mabega yake yakaanza kutetemeka, naye Nukta akapanda kitandani na viatu vyake vyenye vumbi, akamshika.